Kuhukumiwa Bila Kusikilizwa: Mwitiko wa Wasomaji na Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya mwitiko wa wasomaji katika riwaya mbili za upelelezi: Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla na Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba. Hoja kuu ni kwamba uhakiki umewahukumu wasomaji wa riwaya hizi bila kuwasikiliza, ilhali upelelezi ni utanzu ambao ufundi wake hukamilika katika fikra za msomaji. Makala yanatofautisha udadisi na taharuki, yanaonyesha jinsi mpaka wa nchi unavyoweza kubadili usomaji, kisha yanapendekeza njia ya kukusanya mwitiko huo shuleni na maktabani.

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili kuna neno moja lililobebeshwa mzigo mzito kuliko nguvu zake, nalo ni "pendwa". Neno hili humtaja msomaji, kwani hakipendwi kitu pasipo wapendao, lakini hutumika kukihukumu kitabu. Riwaya ikishaitwa pendwa, hukubaliwa kwamba ina wasomaji wengi, kisha wingi huohuo hugeuzwa kuwa ushahidi wa wepesi wake. Wasomaji hao walipenda nini hasa? Walishtuka wapi, wakachoka wapi, wakamshuku nani na kwa sababu gani? Maswali haya huulizwa kwa nadra, na majibu yake huhifadhiwa kwa nadra zaidi.

Nadharia za kuyaulizia zipo. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa Konstanz wa mwaka 1967, alisisitiza kwamba kila kazi hupokelewa ndani ya upeo wa matarajio ya wasomaji wake. Wolfgang Iser, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu tendo la kusoma, alieleza kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza. Katika tanzu nyingi pengo ni sehemu moja tu ya ufundi. Katika riwaya ya upelelezi pengo ndilo jengo lenyewe. Mwandishi huficha, msomaji hukisia, na thamani ya ukurasa wa mwisho hupimwa kwa makisio yaliyotangulia. Kuihakiki riwaya ya aina hii bila kumjali msomaji ni sawa na kukihakiki kitendawili bila kumjali anayetegewa.

2. Udadisi na taharuki

Kosa la kwanza la neno "pendwa" ni kuziweka kapu moja riwaya zinazomtaka msomaji afanye kazi tofauti. Tzvetan Todorov, katika uainishaji wake wa riwaya za upelelezi uliotoka miaka ya 1960, alibainisha kwamba riwaya ya fumbo ina hadithi mbili: hadithi ya uhalifu uliokwisha kutendeka na hadithi ya uchunguzi unaoufuatia. Msomaji hutazama nyuma, naye huvutwa na udadisi. Katika riwaya ya kusisimua, uhalifu na uchunguzi huenda pamoja. Msomaji hutazama mbele, naye huvutwa na taharuki.

Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58 kabla ya kuchapishwa mwaka 1960, ni mfano wa aina ya kwanza. Mwili wa Bwana Ali unaonekana penye mzimu, nao hauna kichwa. Jambo limekwisha kutendeka. Kinachobaki ni kujua lilivyotendeka. Kufa na Kupona ni mfano wa aina ya pili. Willy Gamba, mpelelezi kutoka Tanzania, anatumwa Nairobi kufuata nyaraka za siri zilizoibwa, zinazohusu harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Adui yu hai, anatembea, na anaweza kuua tena kabla sura haijaisha.

Kwa hiyo msomaji anayesema "sikuweza kukiweka chini" hasemi jambo moja katika riwaya zote mbili. Kwa Abdulla, huenda anasema kwamba hesabu ilikataa kutimia na hakuweza kulala bila jawabu. Kwa Musiba, huenda anasema kwamba alimhofia mtu. Mmoja anataka kujua na mwingine anataka kuokoa. Mhakiki anayezisikia kauli hizi kama kelele moja amepoteza nusu ya ushahidi wake.

3. Msomaji aliyemo ndani ya riwaya

Abdulla alilielewa suala la mwitiko kabla ya wahakiki, kwani aliwaweka wasomaji ndani ya hadithi. Mahali pa maiti pamechaguliwa kwa makusudi. Mzimu tayari una maelezo yake: mtu akifa pale, wapo ambao hawatauliza muuaji ni nani, kwa sababu imani imekwisha kuwajibu. Hao ni wasomaji wa kwanza wa tukio. Polisi, kwa uongozi wa Inspekta Seif, ni wasomaji wa pili, wanaotafuta mtu wa kumtia mbaroni. Najum, rafiki wa Bwana Msa, ni msomaji wa tatu: anaona karibu kila anachokiona rafiki yake, lakini hakiunganishi. Bwana Msa, na kiko chake, ni msomaji wa nne, anayesoma vitu vilevile na kupata maana nyingine.

Mpangilio huu una athari isiyopatikana kwa hotuba dhidi ya ushirikina. Riwaya haimwambii msomaji kwamba kuamini mzimu ni upofu. Inampa nafasi ya kushawishika, hata kwa muda mfupi, kisha inamwonyesha kilichofichwa na ushawishi huo. Msomaji aliyemcheka mshirikina katika sura za mwanzo, halafu akamshuku mtu asiye na hatia katika sura za kati, hujifunza kwamba haraka ya kuhukumu si ugonjwa wa waganga na wateja wao peke yao. Funzo hilo halimo katika sentensi yoyote ya kitabu. Limo katika mwendo wa makosa ya msomaji, na asiyekosea hulikosa.

Hapa ndipo upeo wa matarajio unapoingia. Ili mtu ahadaike na mzimu, ni lazima ajue mzimu una uzito gani kwa watu wanaouzunguka. Msomaji wa Unguja huja na ujuzi huo. Msomaji wa Rwanda au Burundi anayeifahamu mila ya kubandwa, au wa Buganda anayeyajua masabo, huja na ujuzi wa jirani, unaofanana bila kuwa uleule. Kinyume chake, Kiswahili cha Abdulla, chenye misemo na mizaha ya Unguja, kinaweza kumzuia mahali ambapo mwandishi alikusudia kumtekenya tu. Je, msomaji huyo hukwama kwa sababu ya fumbo, au kwa sababu ya msamiati? Ni yeye tu awezaye kujibu.

4. Riwaya moja, pande mbili za mpaka

Kufa na Kupona inalileta suala hili mpakani. Ilichapishwa na East African Literature Bureau, taasisi ya kikanda, ikamtoa shujaa wake Dar es Salaam ikampeleka Nairobi. Kwa msomaji wa Dar es Salaam wa wakati ule, Nairobi ya riwaya ni ugenini: hoteli, mitaa na watu wake wote wanastahili kushukiwa. Kwa msomaji wa Nairobi, mitaa hiyo ni nyumbani, na mgeni ni mpelelezi mwenyewe. Matini ni ileile. Kilichohama ni mahali inapokaa hofu. Wa kwanza anaweza kuuliza kama mwenzao atarudi salama, na wa pili akauliza mtu huyu anatafuta nini katika mji wao.

Miaka mitatu baada ya riwaya hiyo kutoka, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Taasisi iliyokitoa kitabu hicho kama mali ya kanda haikubaki kuwa ya kanda. Riwaya iliyoandikwa kwa kudhani kwamba mtu anaweza kuamka Dar es Salaam na kufanya kazi Nairobi ilijikuta ikisomwa katika wakati ambapo safari hiyo ilikuwa imegeuka jambo gumu. Hakuna neno lililobadilika kitabuni, lakini upeo wa matarajio ulikuwa umehama. Historia ya usomaji wa miaka hiyo ingekuwa sura muhimu katika historia ya Kiswahili kama lugha ya kanda, na waliousoma ujana wao katika vitabu hivyo sasa ni wazee.

5. Hukumu ya wahakiki

Uhakiki uliokua baada ya Azimio la Arusha la 1967 uliiuliza kila kazi inachangia nini katika ujenzi wa jamii mpya. Swali lilikuwa halali. Tatizo ni kwamba, kwa riwaya ya kusisimua, jibu mara nyingi lilitolewa kabla ya kitabu kufunguliwa: hii ni burudani, tena ni mwigo wa Magharibi. Kufa na Kupona inaitia shaka hukumu hiyo. Kiini cha mkasa wake ni ukombozi wa kusini mwa Afrika, jambo lililokuwa moyo wa siasa ya nje ya Tanzania, na Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963. Yawezekana kijana ambaye hakuwahi kusoma tamko lolote la kamati hiyo aliihofia siri yake kwa usiku mzima akiwa na riwaya mkononi.

Hata hivyo, kumtetea msomaji si kukisafisha kitabu. Riwaya za Willy Gamba huwaweka wanawake wengi kati ya nafasi mbili, chambo au tuzo, na anasa za shujaa hukaa kwa shida kando ya ujumbe wa ukombozi. Msomaji alichukua kipi, ukombozi au anasa? Msomaji wa kike alijiweka upande wa nani wakati mwanamke aliyemo hadithini anapotumiwa? Mhakiki anaweza kuonyesha kwamba kasoro ipo. Hawezi, kwa kuchambua matini peke yake, kuonyesha imefanya nini kwa wasomaji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

6. Malalamiko kama hazina

Kwingineko, malalamiko ya wasomaji yamekuwa mtaji wa elimu. The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie ilipotoka mwaka 1926, mwisho wake ulizua ubishi: wapo waliodai wamedanganywa, na wapo waliosema msomaji ana wajibu wa kumshuku kila mtu. Mwaka 1929 Ronald Knox alitoa kanuni kumi za uungwana kati ya mwandishi na msomaji wa upelelezi. Mwaka 1998 Pierre Bayard aliandika kitabu kizima kuipinga suluhisho ya Christie. Hayo yote yaliwezekana kwa sababu mwitiko uliandikwa na kuhifadhiwa.

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki mambo huenda kinyume. Mwanafunzi hukutana na mwongozo wenye muhtasari, maudhui na wahusika kabla hajamaliza riwaya. Kwa tanzu nyingine hasara ni kubwa. Kwa upelelezi ni kamili, kwa kuwa anayelijua jawabu hawezi tena kukosea, na asiyeweza kukosea hawezi kujifunza kilichoelezwa katika sehemu ya tatu. Ndiyo maana makala haya hayakumtaja muuaji wa Bwana Ali.

7. Hitimisho na mapendekezo

Kiswahili kinapanuka kisera. Uganda ilikitambua kama lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya 2005, na Rwanda ikakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Sheria huleta vipindi darasani. Haileti hamu ya kufungua ukurasa unaofuata. Riwaya ya upelelezi inaweza kuileta, lakini uwezo huo unahitaji kuthibitishwa kwa wasomaji wenyewe.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, riwaya za upelelezi zisomwe kwa vituo: wasomaji wasimame kabla ya ufumbuzi, kila mmoja aandike anamshuku nani na kwa ushahidi gani, kisha maandishi hayo yalinganishwe na mwisho na kuhifadhiwa. Pili, zoezi hilo lifanywe kwa riwaya ileile katika nchi zaidi ya moja, ili ijulikane ni wapi lugha huzuia na ni wapi fumbo huzuia. Tatu, miongozo ya shule isifichue ufumbuzi, na mitihani impime mwanafunzi kwa namna alivyofikia shaka yake, hata kama shaka hiyo ilikuwa potofu.

Gharama yake ni daftari, kalamu na mwalimu aliye tayari kunyamaza hadi sura ya mwisho. Baada ya hapo wahakiki wanaweza kuendelea kuziita riwaya hizi pendwa wakipenda, ila watakuwa na maandishi ya kuonyesha zilipendwa na nani, na kwa lipi.