Istilahi za Kesi za Malori: Mfasiri Asitangulie Kuhukumu

Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, haja ya istilahi za kesi za madai imezidi kuwa kubwa. Baadhi ya wafasiri huzichota katika habari za Marekani, ambako kesi dhidi ya wenye malori zimezusha mjadala mkali na kuzaa sheria mpya katika majimbo kadhaa. Tumezipitia baadhi ya tafsiri hizo. Kiswahili chake ni fasaha, ila istilahi tatu zatutia wasiwasi: mbili zampendelea mmoja wa wanaoshindana, na ya tatu humpotosha msomaji.

Ya kwanza ni *marekebisho ya sheria ya madhara*. Hivyo ndivyo zinavyoitwa sheria zilizopitishwa Texas mwaka 2021, Florida mwaka 2023 na Georgia mwaka 2025. Hatumlaumu mfasiri, kwani hata miswada yetu huitwa ya marekebisho. Lakini kurekebisha ni kukiweka sawa kilichokwenda upande. Na kama kilikwenda upande ndilo jambo linalobishaniwa. Wenye malori husema kwamba fidia kubwa zimepandisha ada za bima hata wenye magari machache wakashindwa kuendelea. Mawakili wa waliojeruhiwa hujibu kwamba hofu ya fidia ndiyo inayomfanya mwajiri achunguze dereva na breki. Tena kiwango cha chini cha bima ya lori la mizigo ya kawaida linalovuka majimbo, dola 750,000, hakijapandishwa tangu miaka ya 1980.

Na tuyatazame yaliyobadilishwa. Huko Florida, muda wa kufungua mashauri mengi ya uzembe umepunguzwa kutoka miaka 4 hadi 2, na katika mengi ya mashauri hayo mdai aliyechangia zaidi ya nusu ya kosa hapati kitu. Huko Texas, mwajiri akikubali kwamba dereva alikuwa katika kazi yake, sehemu kubwa ya ushahidi juu ya uzembe wa mwajiri mwenyewe haisikilizwi katika hatua ya kwanza ya kesi. Kwa mwenye lori hayo ni marekebisho. Kwa mjane wa aliyegongwa huenda yakawa mlango uliofungwa. Basi yafaa mfasiri aandike *mabadiliko*, na *marekebisho* ayaache katika kauli ya msemaji aliyeyatumia. Itasemwa kwamba *mabadiliko* ni neno pana mno. Ni kweli, lakini upana wake haumsingizii mtu.

Ya pili ni *hukumu ya nyuklia*, nayo ni tafsiri sisisi ya jina linalopewa fidia inayozidi dola milioni 10. Ina makosa mawili. Jina lenyewe ni la upande mmoja: anayelinganishwa na bomu ni mdai, wala si lori lililomvunja uti wa mgongo. Kadhalika, inayotajwa si hukumu. Juri, yaani jopo la raia, hutoa uamuzi. Hukumu huandikwa na jaji, na rufani yaweza kuifuta. Tulifikiria kupendekeza *uamuzi wa fidia kubwa mno*, tukaona *mno* nayo yahukumu. Twapendekeza *uamuzi wa fidia ya zaidi ya dola milioni 10*. Ni maneno mengi, lakini tarakimu haina upande.

Ya tatu ni *sababu ya karibu*. Mwezi Desemba 2014, huko Texas, gari dogo liliteleza kwenye barafu, likavuka ukanda wa kati na kugongwa na lori la kampuni ya Werner lililoendeshwa na dereva mwanafunzi. Mtoto wa miaka 7 alifariki na dada yake akapooza. Mwaka 2018 juri iliamua walipwe karibu dola milioni 90. Mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Texas iliutengua uamuzi huo, ikisema kwamba mwendo wa lori haukuwa sababu ambayo kisheria yaweza kumtwika mdaiwa dhima. Shauri zima liliamuliwa kwa istilahi hii moja. Lakini asomaye *sababu ya karibu* atadhani mahakama ilipima umbali, au kwamba sababu ilikaribia kuwapo. Twapendekeza *sababu ya kuwajibisha*, ambayo hutaja kazi inayofanywa na dhana yenyewe.

Hatudai kwamba mapendekezo haya ni ya mwisho, nasi tutashukuru kupata maoni ya walimu, wafasiri na watumishi wa mahakama. Lakini tusisahau kwamba istilahi hizi kesho zitasomwa mbele ya mtu aliyekuja kwa magongo, na mbele ya mwenye lori moja anayeogopa kufilisika. Wote wawili wana haki ya kusikia maneno ambayo hayajakata shauri.