Subira ya Ampli ya Valvu

Pale Songo, kwenye mwinuko wa mji wa Uvira unakoliona ziwa Tanganyika, yuko mzee anayetengeneza ampli za magita. Akiwasha ampli ya valvu hana haraka na gita. Anabonyeza swichi ya kwanza, anatazama nyuzi ndani ya vioo zikianza kuwa nyekundu, kisha anaketi. Vijana hudhani mashine imekufa. Kumbe anaziacha valvu zipate moto kabla ya kuzifungulia umeme mkubwa, volti 300 na zaidi, kwa swichi ya pili. Na kabla ya hayo yote ameshapapasa waya wa spika, maana ampli ya namna hii ikipigwa bila spika inaweza kuunguza transfoma yake.

Pedali ya ovadraivu iko miguuni, imezimwa. Anapiga noti moja tu, anairudia, huku akipandisha sauti ya ampli kidogo kidogo, mpaka noti iliyoguswa kwa upole itoke safi na iliyopigwa kwa nguvu ianze kukwaruza. Hapo anasimama. Ndipo anaikanyaga pedali: geni karibu na sifuri, sauti ya kutokea juu, toni katikati. Kazi ya pedali kwake ni kuisukuma valvu ya kwanza, basi. Mkwaruzo wenyewe utoke kwenye vioo. Wengi hufanya kinyume, wanajaza geni hadi mwisho, na gita linavuma kama nyuki ndani ya debe.

Kwa muziki wetu hilo ni kosa kubwa. Sebene, ile sehemu ya magita na kucheza, inapofunguka, magita ya solo, mi-solo na akompa husemezana juu ya besi, na kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi ndogo ya kujibu. Mkwaruzo ukizidi, nafasi hizo zinazibwa, na mchezaji hajui tena mguu auweke wapi.

Kinachonivutia zaidi ni kidole chake kidogo. Pedali inabaki imewashwa wimbo mzima, lakini mwimbaji anapoimba, kidole hicho kinarudisha nyuma nobu ya sauti ya gita, na gita linatakata papo hapo. Sebene ikikaribia, kidole kinaipandisha tena. Hakuna kukanyaga-kanyaga. Siku umeme unapocheza, anausikia kwenye noti kabla taa ya chumbani haijafifia, na anazima.

Bendi ya OK Jazz ya Franco ilipoanza mwaka 1956, ampli za valvu kama hizi ndizo zilizokuwepo. Mwanamuziki Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alipofika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, magita ya Kongo yalikuwa yameshaufundisha mwambao wa pili wa ziwa kucheza. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Tukashangilia, na ni haki yetu.

Lakini ni nani aliyeuliza habari za ampli? Kanisani na harusini gita linachomekwa moja kwa moja kwenye mixa, linafinywa nyuma ya kinanda. Ampli za zamani zinafunguliwa, transfoma zinauzwa kwa kilo kwa ajili ya shaba. Vijana wa Songo wana vidole vyepesi kuliko vyetu tulipokuwa na umri wao, na wanakua bila kuwahi kusikia gita likijibu uzito wa mkono wao.