Kuitambua Kazi Njema ya Msanidi Programu: Mwongozo

Kazi ya kusanidi programu, yaani kubuni, kuandika na kutunza maagizo yanayoiongoza kompyuta, ina tabia moja inayomtatiza kila anayetaka kuipima: kazi mbovu na kazi njema, zikionyeshwa siku ya kwanza, hufanana. Skrini hufunguka, kitufe hubonyezwa, ujumbe wa shukrani hutokea, na mwenye fedha huridhika. Tofauti hujitokeza mtandao unapokatika katikati ya muamala, watumiaji wanapokuwa wengi kuliko waliokadiriwa, au msanidi aliyeiandika programu anapohamia ajira nyingine na mrithi wake kulazimika kuisoma bila wa kumuuliza. Ndiyo maana ngazi za kazi hii, kuanzia mwanagenzi hadi mhandisi mwandamizi, hazipimiki vema kwa miaka ya utumishi wala kwa wingi wa lugha za programu zilizoorodheshwa katika wasifu. Hupimika kwa upana wa mambo ambayo msanidi huyazingatia bila kuagizwa.

Mnunuzi anayeijua kanzu huigeuza ndani nje kabla ya kutaja bei, na mjuzi wa programu hufanya vivyo hivyo kwa kuomba msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, kabla ya kuitazama skrini. Hata hivyo hahitaji kuusoma wote. Humtosha kuchukua badiliko moja, kipande cha kazi kilichoongezwa kwa siku moja au mbili, akalichunguza kwa makini. Mabadiliko ya aina hiyo huhifadhiwa na vyombo vya kutunza historia ya msimbo, na kinachotumika zaidi ni Git, ambacho Linus Torvalds alikianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya mradi wa Linux. Kwa chombo hicho kila mstari unaweza kufuatiliwa hadi kwa aliyeuandika, tarehe aliyouandika na sababu aliyoitoa, iwapo aliitoa.

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwa ukaribu katika Afrika Mashariki ni msimbo unaopokea malipo ya simu. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwezi Machi 2007, na huduma nyingine za namna hiyo zienee katika eneo zima, wasanidi wengi wa hapa wamejikuta, mapema au baadaye, wakiunganisha mfumo wa duka, shule au chama cha akiba na kampuni ya simu. Muundo wake kwa kawaida ni huu: mteja akishalipa, seva ya kampuni hutuma taarifa kwa seva ya mfanyabiashara ikitaja namba ya muamala, kiasi na namba ya simu ya mlipaji, nayo seva ya mfanyabiashara hujibu kwamba imepokea. Mwanagenzi huandika mistari michache inayosoma kiasi, kukijumlisha kwenye salio la mteja, na kutuma jibu. Akijaribu, inafanya kazi. Mjuzi anayeisoma mistari hiyo huuliza swali moja tu: je, taarifa ileile ikija mara mbili? Swali hilo halina uchokozi wowote, kwa maana jibu la seva ya mfanyabiashara linaweza kupotea njiani, na mtumaji asiyepata jibu huweza kutuma tena. Mteja aliyelipa karo ya shilingi elfu hamsini ataandikiwa laki moja, na mhasibu wa shule atakesha akitafuta elfu hamsini ambazo hazikuwahi kuwapo.

Msanidi wa kiwango cha kati huliona tatizo hilo na kuongeza sharti: kabla ya kujumlisha, programu itafute kama namba ya muamala imeshaandikwa. Hiyo ni hatua njema lakini haijafika, kwa kuwa taarifa mbili zinaweza kuwasili kwa pamoja, zote mbili zikatafuta, zote mbili zikakuta hakuna kitu, na zote mbili zikaandika. Fundi aliyekomaa huliweka sharti la upekee ndani ya hifadhidata yenyewe, yaani ghala la kumbukumbu za mfumo, ili namba moja ya muamala isiweze kuandikwa mara mbili hata programu ikikosea. Tena huhakikisha kwamba kuandika muamala na kuongeza salio ni tendo moja lisilogawanyika, ambapo ama yote mawili yanatimia ama hakuna linalotimia. Tofauti kati ya watu hao watatu huenda isizidi mistari kumi. Kwa mjuzi, mistari hiyo ina uzito kuliko skrini ishirini zenye rangi za kupendeza.

Jambo la pili la kutazama katika msimbo huohuo ni jinsi unavyoshughulikia kutojua. Ombi likitumwa na muda wa kusubiri ukapita bila jibu, mfumo haujui kama malipo yamefanyika au la, na mwandishi mchanga karibu kila mara huihesabu hali hiyo kuwa ni kushindwa, akamwambia mteja ajaribu tena. Kazi njema huwa na hali tatu: imefanikiwa, imeshindwa, na haijulikani, na hiyo ya tatu hupewa utaratibu wake wa kuuliza kampuni ya simu hadi ukweli upatikane. Anayetaka kumpima msanidi wa mifumo ya fedha kwa dakika tano amuulize anafanya nini na hali hiyo ya tatu, kisha anyamaze na kusikiliza.

Kuhusu fedha zenyewe, neno fupi linatosha. Kompyuta huhifadhi desimali za kawaida kwa mfumo wa jozi, ambao hauwezi kuwakilisha sehemu moja ya kumi kwa ukamilifu, na ndiyo maana katika lugha nyingi 0.1 ikijumlishwa na 0.2 huleta 0.30000000000000004. Fedha huhifadhiwa kwa namba kamili za senti au kwa aina ya desimali iliyotengenezwa kwa ajili hiyo; msimbo unaofanya vinginevyo haustahili kusomwa zaidi.

Linalostahili kusomwa kwa subira ni namna programu inavyowapokea watu jinsi walivyo. Jina Ng'ang'a limeumbua mifumo mingi kuliko wadukuzi, kwa sababu ritifaa ndiyo alama ambayo SQL, lugha ya kuiulizia hifadhidata, huitumia kufungua na kufunga maneno; mahali ambapo msanidi ameunganisha jina na agizo kwa kuyabandika tu, ombi huvunjika, na penye mwanya huo ndipo mvamizi naye hupenyeza maagizo yake. Tiba yake inajulikana, nayo ni kutenganisha agizo na data ili hifadhidata isiweze kuvichanganya, na msanidi anayeondoa ritifaa katika majina ya watu ili mfumo wake usianguke amekosea mara mbili, kwa kuacha ugonjwa palepale na kwa kumbadilishia mtu jina. Namba za simu hutoa kipimo kingine. Aliyezihifadhi kama namba za hesabu amepoteza sifuri ya mwanzo, na aliyezihifadhi jinsi zilivyoandikwa atamkuta mteja mmoja katika sura tatu: yenye kuanza na 07, yenye kuanza na 255 au 254, na yenye alama ya kujumlisha mbele yake.

Saa nazo zina mtego ambao wasanidi wa Tanzania, Kenya na Uganda huchelewa kuujua, kwa kuwa nchi hizo zinatumia saa ileile, iliyo mbele ya saa ya dunia (UTC) kwa masaa 3 na hazisogezi saa kwa majira ya kiangazi. Mfumo wa tiketi za basi ukivuka mpaka kuingia Rwanda au Burundi, au mashariki ya Kongo ambako Goma na Lubumbashi ziko masaa 2 mbele wakati Kinshasa iko saa 1 tu, tiketi huanza kuonyesha basi linalofika kabla ya wakati wake. Kazi iliyokomaa huhifadhi saa ya dunia na kuigeuza kuwa saa ya mahali pale inapoonyeshwa tu. Wala isisahaulike kwamba abiria aliyeambiwa kwa mdomo saa mbili na tiketi ikaandikwa 02:00 anaweza kufika kituoni amechelewa kwa masaa sita; hilo si kosa la hesabu, lakini msanidi anayejua wateja wake huandika asubuhi au usiku kando ya tarakimu.

Pamoja na hayo yote, msimbo ulio sahihi mahali pamoja unaweza kuwa hatari mahali pengine, na kutambua jambo hilo ndiko kunakomtenga mhandisi mwandamizi na fundi hodari wa kawaida. Roketi ya Ariane 5, iliyorushwa kwa mara ya kwanza tarehe 4 Juni 1996, ilipotea sekunde zipatazo 40 baada ya kuanza safari, kwa sababu sehemu ya programu yake ya uelekezi ilirithiwa kutoka Ariane 4. Sehemu hiyo iligeuza namba ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kupita 32,767; katika roketi ya zamani kipimo kile hakikuwahi kufika huko, lakini roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi. Mistari ile haikuwa na ubovu iliposomwa peke yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza ilijengwa juu ya dhana gani, na kama dhana hiyo ingali kweli. Mdanishi Peter Naur alikwisha kudai mwaka 1985 kwamba programu hasa ni nadharia iliyomo vichwani mwa walioijenga, na maandishi ni sehemu yake tu. Anayepima uandamizi, kwa hiyo, hutaka kusikia kwa nini mfumo umejengwa hivyo, ni njia gani iliyoachwa, na ni badiliko lipi likija litaulazimisha ujengwe upya.

Sehemu ya nadharia hiyo huweza kuokolewa kwa maandishi, na hapa historia ya mabadiliko husema mengi. Maelezo yanayosema tu «marekebisho» au «sasa inafanya kazi» hayamsaidii mtu, ilhali maelezo yanayotaja tatizo, sababu yake na kilichoachwa kwa makusudi humwokolea mrithi siku nzima. Majina ndani ya msimbo nayo hutoboa siri: kitu kilekile kikiitwa «jumla» katika faili moja, «total» katika jingine na «kiasi» katika la tatu, ni dalili kwamba hakuna aliyeisoma kazi yote kwa pamoja. Ni afadhali Kiswahili kitupu au Kiingereza kitupu kuliko mchanganyiko huo, ingawa timu inayotazamia wasomaji wa nje itaelekea kwenye Kiingereza. Mjuzi hutazama pia kilichofutwa, kwani mtu anayethubutu kufuta mistari mia mbili isiyotumika, akiwa na majaribio ya kuthibitisha kwamba hakuna kilichoharibika, ameuelewa mfumo kuliko anayeongeza tu.

Mapitio ya msimbo, yaani desturi ya mwenzako kuisoma kazi yako kabla haijaingizwa, ndiyo shule ya kazi hii na pia mizani yake. Maoni ya mchanga hushughulikia nafasi na mabano, kazi ambayo programu ndogo huifanya vizuri zaidi. Maoni ya mkomavu huuliza juu ya taarifa inayokuja mara mbili. Namna ya kuuliza ina uzito sawa na swali, kwa sababu timu ambayo vijana wake wanaogopa mapitio huishia kuficha kazi hadi siku ya mwisho. Kuhusu hitilafu, mfano wa kuigwa ni Donald Knuth, mtunzi wa programu ya upangaji chapa iitwayo TeX, ambaye kwa miaka mingi alimlipa dola 2.56 kila aliyegundua kosa jipya katika vitabu vyake, na mwaka 1989 akachapisha makala nzima juu ya makosa ya programu hiyo, akiyapanga kwa aina.

Anayeanza na hana mwajiri wa kumwonyesha njia anaweza kuweka kazi yake mbele ya macho ya wajuzi kwa kushiriki miradi ya chanzo huria, ambayo msimbo wake husomwa na yeyote. Miwili yenye mizizi au matumizi makubwa katika eneo hili ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za VVU mjini Eldoret, na DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Badiliko dogo lililopokelewa huko, pamoja na mjadala ulioandamana nalo, humweleza mwajiri mambo ambayo cheti cha mafunzo ya wiki nane hakiwezi. Fumbo la hesabu la saa moja katika usaili hupima wepesi wa akili na mazoezi ya mafumbo, vitu vyenye thamani yake lakini vilivyo mbali na kazi ya kila siku. Na sasa ambapo programu za akili unde huandika msimbo mwingi kwa dakika chache, kipimo cha wingi, ambacho hakikuwahi kuwa na maana kubwa, kimebaki bila maana kabisa.

Kipimo cha mwisho hufanywa msanidi anapoondoka. Mwenye biashara anayempima msanidi wake, au msanidi anayejipima mwenyewe, aulize jina la kikoa linaloishia .co.tz au .co.ke limeandikishwa kwa jina la nani, akaunti ya seva inalipiwa kwa kadi ya nani, ujumbe wa siri wa kuthibitisha malipo unafika kwenye simu ya nani, na nakala ya akiba ya hifadhidata ilirejeshwa lini mara ya mwisho ili kuona kama inafunguka. Majibu yakiwa ni jina lilelile la mtu mmoja, na nakala haijawahi kujaribiwa, cheo cha uandamizi kinaweza kusubiri hadi hayo yarekebishwe, kazi ambayo kwa kawaida huchukua alasiri moja.