Kulenga Kisichosogea

Ukilipia kifurushi kila mwezi, kampuni hukuletea fundi, dishi dogo na mawimbi yaliyopimwa yatoshee dishi hilo. Ukitaka chaneli za bure, huletewi kitu. Unabaki na dishi la mtumba, risiva ya FTA (ya chaneli za bure), LNB (kipokezi cha mbele ya dishi), waya na paa lako mwenyewe. Kila shilingi iliyopungua kwenye bei itadaiwa mkononi. Ndiyo maana nausifu ufundi huu kuliko kazi nyingi zenye vifaa vya thamani: hapa hakuna pa kujificha.

Uchache wa vifaa si aibu ya kazi hii, ndiko ilikotoka. Mwaka 1975 Wamarekani waliisogeza setilaiti yao ya ATS-6 hadi digrii 35 mashariki, karibu juu ya Kisumu, ili India irushe vipindi vya elimu kwa vijiji zaidi ya 2,000. Vijiji hivyo vilipokea kwa madishi ya mita tatu yaliyosukwa kwa wavu wa kuku. Wimbi lenyewe lilikuwa na urefu wa sentimita 35 hivi, kwa hiyo vitundu vya wavu havikulipitisha; lilidunda kama limegonga bati. Kule Sheffield, Uingereza, mhandisi Steve Birkill akayanasa matangazo hayohayo kwa dishi alilojiundia nyumbani, ingawa hayakukusudiwa kwake.

Mawimbi ya siku hizi ni mafupi zaidi: sentimita saba na nusu hivi kwa masafa ya C-band, mbili na nusu kwa yale ya Ku-band. Uso wa dishi haustahimili tena mabonde. Mnunuzi makini wa mtumba hufika dukani na uzi mfukoni. Anaufunga kutoka ukingo hadi ukingo, halafu wa pili kuukata wa kwanza. Nyuzi zikigusana katikati bila kusukumana, dishi halijapinda. Zikiachana au kusukumana, anamshukuru mwenye duka na kwenda zake.

Kisha kuna mbingu yenyewe. Setilaiti za televisheni ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, zikienda sambamba na mzunguko wa dunia, hivyo machoni petu zimesimama palepale. Arthur C. Clarke aliieleza hesabu hiyo katika jarida la Wireless World mwaka 1945. Maelekezo mengi ya kulenga dishi yameandikwa kwa ajili ya Ulaya na husema: elekeza dishi kusini. Sisi majirani wa ikweta, mstari wa setilaiti hizo unatupita utosini. Anayetafuta Intelsat 20, ile ya digrii 68.5 mashariki, akiwa Dar es Salaam, hulielekeza dishi mashariki, kaskazini kidogo, na kuliinua digrii 55 hivi. Kwa setilaiti ya digrii 36 mashariki dishi linakaribia kulala chali, zaidi ya digrii 80. Lile la futi sita lenye LNB katikati hugeuka beseni la mvua, na fundi mzoefu hulitoboa tundu dogo mapema. Hata LNB, ambayo Ulaya huzungushwa kidogo tu, kwetu kwa setilaiti ya mbali mashariki huzungushwa mpaka mawimbi ya wima na ya ulalo yakaribie kubadilishana nafasi. Maarifa haya yako kwa mafundi wetu, nao waliyapata juu ya mabati.

Kazi huanza na nguzo. Nguzo isiyo timazi itamfanya fundi apoteze kimo kila anapogeuza dishi kushoto au kulia, na hatajua ni kipi kilichomponza. Kwa hiyo pimamaji huwekwa pande mbili za nguzo kabla ya simenti kukauka. Nusu digrii hapa chini ni zaidi ya kilomita 300 kule juu.

Halafu mmoja anapanda, mwingine anabaki sebuleni mbele ya runinga.

“Vipi?”

“Nguvu ipo themanini!”

“Achana na nguvu. Ubora?”

“Sifuri!”

“Sasa?”

“Bado… bado… hapo hapo! Umepita, rudi!”

Katika mazungumzo hayo ndimo ulimo ufundi wote. Risiva huonyesha mistari miwili. Mstari wa nguvu hupanda hata dishi likitazama mwembe, kwani LNB ikishapata umeme kupitia waya, hupeleka kelele yake yenyewe. Mstari wa ubora haupandi mpaka risiva iwe imeyatambua matangazo uliyoyataja. Mgeni wa kazi hufurahia nguvu na kukaza nati. Aliyebobea hungoja ubora, akisogeza kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa sababu akigusa viwili hatajua kipi kilichosaidia. Setilaiti haijasogea. Kilichobaki ni kujirekebisha, na sijui kazi nyingine inayomfundisha mtu hilo kwa ukali kama huu.

Waya nao una adabu zake. Ganda humenywa, nyuzi za nje hurudishwa nyuma, na hakuna hata unywele mmoja unaoruhusiwa kugusa shaba ya katikati, maana waya huohuo ndio unaopandisha volti 13 au 18 kwenye LNB. Kabla ya kuingia ndani huachiwa kitanzi kinachoning’inia, maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye risiva. Masika yakija, Ku-band hukatika wingu likiwa zito. C-band huendelea, na mwenye dishi lake kubwa hapo huona faida ya kubeba chuma kingi.

Kukaza nati ndiko kulenga kwa mwisho. Spana ikizungushwa upande mmoja mpaka mwisho, dishi huinama na ubora hushuka, kwa hiyo nati hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, jicho likiwa kwenye mstari. Baada ya hapo fundi mzuri huchora alama ya rangi inayovuka kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kishikizo cha dishi. Kusi likivuma na kulitikisa, yeyote atakayepanda, hata kama si yeye, atazikutanisha nusu mbili za alama hiyo na kuanzia karibu na jibu. Ukimlipa fundi, mlipe na ya rangi hiyo.