Kiasi cha Baruti

Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo, si kwa uzito. Mwenye gobore hana mizani porini. Ana pembe yenye baruti, na kando ya pembe hiyo, kikining'inia kwa ukanda mwembamba wa ngozi, ana kipimo: kijikombe kirefu cha pembe, mwanzi au shaba, kisichozidi urefu wa kidole. Hukijaza, hukifuta mdomo, humimina mtutuni, kisha hushindilia risasi kwa mdeki. Watu wamesifu mitutu, vitako vilivyonakshiwa, na pembe za Waomani zilizopambwa kwa fedha. Mimi nakisifu kijikombe hicho, kwa kuwa katika zana zote za bunduki ya kushindilia ni hicho tu kilichotengenezwa ili kumzuia mtu.

Anayeishi Garissa hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Sokoni, nafaka bado huuzwa kwa mkebe, na mnunuzi mzoefu huukagua kabla hajatoa pesa: kitako kisiwe kimegongwa kikaingia ndani, punje zisimwagwe kijanja zikaacha nafasi katikati yake, na mdomo ufutwe au uachwe na kichuguu kama walivyopatana. Mji huu wengi wake ni Waislamu, na sura nzima ya Kurani, Al-Mutaffifin, imeitwa kwa jina la wanaopunja vipimo. Lakini sokoni mpimaji ni mmoja na mpimiwa ni mwingine. Kwenye gobore ni mtu yule yule, na uso wake uko karibu na kifa.

Kosa la kwanza la anayechagua kipimo ni kupenda kikombe kipana. Hujazwa upesi, hupendeza mkononi, na hudanganya. Chukua vipimo viwili vinavyobeba baruti sawa, kimoja chenye mdomo wa kipenyo cha milimita 20, kingine milimita 10. Ukikosea kufuta kwa milimita moja tu, kile kipana kimezidisha au kimepunguza takriban gramu 0.3, yaani karibu greini 5 kwa hesabu ya wapiga shabaha, ambao ratili moja huigawa greini 7,000. Kile chembamba, kwa kosa lile lile la mkono, kimekosea greini moja na kidogo. Mkono haujabadilika; umbo la kikombe ndilo lililoondoa robo tatu ya kosa. Hivyo kipimo kizuri ni kirefu na chembamba: greini 70 zikae katika tundu la milimita 10 lenye kina cha karibu sentimita 6. Fundi wa zamani aliyechukua mwanzi mwembamba akauacha mnene hakuhitaji hesabu hii kuandikwa. Alikuwa nayo machoni.

Kuhusu kitu cha kutengenezea sina maneno mengi. Pembe na shaba ya njano ni bora, kwa sababu hazitoi cheche kama chuma kinapogonga chuma. Mwanzi unafaa ukiwa umekauka sawasawa. Kikubwa ni ukuta wa ndani uwe laini, chembe zote zitoke kwa mara moja bila nyingine kubaki zimeganda kwenye kona. Na mkono uwe na desturi moja. Ukikigonga kipimo kwa kidole mara tatu ili baruti itulie, kigonge mara tatu kila siku. Asiyegonga asigonge kamwe. Chembe zilizotulia hukaa kwa kubanana, na kikombe kile kile kikabeba zaidi.

Sasa, kiasi gani? Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, nami naona raha kuukalia. Wawindaji wa kale wa nchi mbalimbali waliweka risasi kwenye kiganja, wakamimina baruti juu yake mpaka ikafunikwa, wakaanzia hapo. Majeshi yalikuwa na takwimu zake: bunduki ya Enfield ya 1853, iliyoshindiliwa kwa mdomo, ilipewa greini 68 hivi, na Martini-Henry, iliyokuja baadaye na risasi zenye maganda, greini 85. Mtu wa gobore lisilo na muhuri wala kitabu hana wa kumwambia, hivyo huliuliza gobore lenyewe. Huanza na kiasi kidogo, hupiga shabaha, huongeza kidogo, hupiga tena. Kuna mahali matundu kwenye shabaha hukusanyika. Akizidisha hapo, hutawanyika. Mtutu una urefu wake, na baruti isiyowahi kuungua ndani hutoka mdomoni ikawa moto na moshi wa bure, huku bega likilipa gharama.

Nchi kavu kama Garissa inaongeza sababu ya kujizuia. Baruti nyeusi ni shura, makaa na kiberiti, kwa kawaida sehemu 75, 15 na 10 katika mia, na zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Hubaki masizi na chumvi, nyingine ndani ya mtutu. Lamu, penye unyevu wa bahari, uchafu huo hulainika. Huku bara, kwenye joto kavu, hukauka ukawa gamba gumu, na risasi ya nne au ya tano ikasukumwa kwa shida. Kiasi kidogo huacha gamba dogo. Halafu kuna amri isiyo na mjadala: usimimine kutoka kwenye pembe moja kwa moja hadi mtutuni. Kaa likibaki ndani, kipimo kikiwaka ni kijikombe kimoja cha baruti kimewaka. Pembe ikiwaka ni ratili nzima mkononi. Nayo baruti ya kisasa isiyotoa moshi isikaribie gobore hata kidogo, kwani kwa ujazo ule ule hupasua mtutu.

Magobore hayakuwa machache kwetu. Mwaka 1888 Euan-Smith, aliyekuwa konseli wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilipita huko kwa mwaka, nyingi zikiwa zimeachwa na majeshi ya Ulaya. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ukazuia silaha kuingizwa kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, ila ukaziachia nafasi, kwa kibali, bunduki za gumegume zisizochongwa mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa njia hiyo pembe na kipimo vikaendelea kuishi, na Tanzania magobore yako vijijini hadi leo.

Kaskazini ya Mto Tana mambo yalikwenda vingine. Bunduki zilizotafutwa na wafugaji zilishuka kutoka Abisinia, na mojawapo ilikuwa Gras ya Kifaransa ya 1874. Nayo ilitumia baruti nyeusi, gramu tano na kidogo, lakini baruti hiyo ilikuwa imefungwa ndani ya ganda la shaba. Kiasi kilikwisha kuamuliwa na mtu wa kiwandani ambaye hakuwahi kuiona Wajir. Kipimo kikatoka mkononi mwa mpigaji.

Najua ninaandikia wapi. Eneo hili la kaskazini mashariki ya Kenya lilipitia vita vya Shifta kuanzia 1963 hadi 1967, likapitia mauaji ya Wagalla mwezi Februari 1984, na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Gobore nalo si takatifu. Lilisindikiza misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Ninachosema ni kwamba kwa mwenye gobore, kila mara ilibidi mkono upime upya kabla haujafyatua. Bunduki iliyotuumiza sisi haina kazi hiyo. Ni kazi iliyopotea ninayoililia, si bunduki.

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na silaha bila leseni ni kosa la jinai, kwa hiyo siku hizi kipimo ni cha wapiga shabaha wenye vibali na wa makumbusho. Kwao, ushauri wangu ni huu. Nunua kwanza kipimo cha kurekebishwa, chenye kijiti cha alama kinachopanda na kushuka, uitafutie bunduki kiasi chake, greini 5 kwa greini 5. Wapo wanaosema kinatosha maisha yote. Sikubaliani: skrubu hulegea, na kijiti hushuka alama moja bila mwenyewe kujua. Kiasi kikishapatikana, tafuta ncha ya pembe ya mbuzi, itoboe, mimina humo baruti uliyoipima, kisha kata mdomo kidogo kidogo kwa tupa, ukijaribu kila mara, mpaka baruti ilingane na ukingo. Chora alama ya bunduki hiyo ubavuni. Ukipata bunduki ya pili, tafuta ncha nyingine ya pembe na uanze upya.