"Maumbile" si Neno la Kila Dini

Mtafsiri apewaye kazi ya kueleza mafundisho ya Wahindu na Wabuddha juu ya binadamu na uhusiano wake na ardhi, mimea na wanyama, hukimbilia maneno yaliyo karibu: maumbile, majaliwa, pepo. Ni maneno fasaha, lakini kila moja limebeba imani yake.

Tuanze na "maumbile". Asili yake ni kuumba. Palipo na maumbile pana Muumba. Uwanda wa Kitulo, katika mikoa ya Mbeya na Njombe, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Wahindu wengi wangelikubali jina hilo, maana kwao uungu umeenea katika kila kitu. Mafundisho ya Buddha, kwa upande wake, hayamtegemei muumba. Husema kila jambo hutokea kwa kutegemea mengine. Kumwandikia Mbuddha "maumbile" au "viumbe" ni kumkirisha asichokikiri. Yafaa tuseme "ulimwengu wa asili" na "wenye uhai".

Kufasiri "karma" kuwa "majaliwa" ni kosa zito zaidi. Katika Kisanskriti neno hilo maana yake ni tendo. Majaliwa humshukia mtu kutoka juu. Karma huanza mikononi mwake. Mwanafunzi wa Iringa akisoma "majaliwa", atadhani kwamba akataye miti penye chanzo cha maji hana la kujibu, hali fundisho lenyewe lasema kinyume.

"Nirvana" nayo si pepo. Pepo ni mahali. Nirvana ni kuzimika kwa moto wa tamaa, chuki na ujinga. Na "ahimsa" ikiitwa "kutotumia nguvu" huwa neno la siasa tu, wadudu na wanyama wakaachwa nje. "Kutodhuru" latosha.

Neno moja tunalo tayari. Mkulima wa Rungwe husema migomba imestawi. Serikalini husemwa ustawi wa jamii. "Ustawi" lamuunganisha mtu na shamba bila kuazima kitu. Hata hivyo, kwa Wabuddha heri ni kupungua kwa tamaa, si kuongezeka kwa mali. Mtafsiri hana budi kulieleza hilo.

Basi karma, nirvana na ahimsa yaandikwe yalivyo, yafafanuliwe yatokeapo mara ya kwanza. Wala tusisahau: si kila Mhindi ni Mhindu.