Kikomo Kisichotajwa: Uhakiki wa Maombi Sanjari katika Kiunzi cha Angular

Makala hii inahakiki namna kiunzi cha Angular, kinachotumiwa kuundia violesura vya tovuti, kinavyoshughulikia maombi mengi yanayoelekezwa kwa seva kwa wakati mmoja. Hoja yake ni kwamba kiunzi hicho kimemwachia msanidi uamuzi ambao athari zake humwangukia mtumiaji, kisha kikauficha uamuzi huo.

Angular hutuma maombi kupitia HttpClient, lakini kazi ya kuyapanga imeachiwa maktaba ya RxJS. Humo, mergeMap hupokea idadi ya juu ya kazi zinazoruhusiwa kuendelea pamoja. Isipotajwa, idadi hiyo huwa Infinity, yaani hakuna kikomo. Msanidi anayepakia picha 200 kwa njia hiyo huanzisha maombi 200 papo hapo, ilhali kuongeza tarakimu 4 kungetosha kuyafanya mengine yangoje zamu. forkJoin haina hata nafasi ya kuandika tarakimu hiyo.

Yawezekana kujibu kwamba vivinjari tayari vina breki. Ni kweli kwa kiasi: chini ya HTTP/1.1, Chrome na Firefox hufungua miunganisho isiyozidi 6 kwa seva moja. Kinga hiyo ililegea kwa HTTP/2 ya mwaka 2015, ambamo muunganisho mmoja hubeba mikondo mingi, na kiwango chenyewe kinapendekeza kikomo cha mikondo kisipungue 100. Foleni iliyokuwa kwenye kivinjari imehamia kwa seva.

Kasoro kubwa zaidi imo katika majina. mergeMap, concatMap, switchMap na exhaustMap yanafanana kwa sura, ilhali yanaamua hatima tofauti kabisa za ombi. concatMap ni mergeMap yenye kikomo cha 1. switchMap huliacha ombi lililotangulia. Katika kisanduku cha kutafutia hilo ni jema, kwani herufi mpya hubatilisha swali la awali. Katika kuhifadhi taarifa za mgonjwa ni hatari: seva huenda imekwisha kuandika, nayo skrini haingoji tena jibu, wala muuguzi hapati habari kama kuandika kulifaulu au kulishindwa. exhaustMap huliacha ombi jipya hadi la kwanza limalizike, jambo linalofaa kitufe cha malipo kinachobonyezwa mara mbili.

Kwa anayefundisha somo hili kwa Kiswahili, istilahi “sambamba” inapotosha, kwa kuwa huleta taswira ya mistari isiyokutana, na maombi haya hukutana kwenye muunganisho na kwenye seva ileile. “Sanjari”, neno lenye kumbukumbu ya vyombo vinavyofuatana katika msafara, linakaribia zaidi. Vivyo hivyo, majina manne hayo yangeweza kufasiriwa kwa vitenzi: changanya, fuatisha, hamia, puuza. Puuza, angalau, humwonya msanidi kwamba kuna ombi litakalotupwa. ExhaustMap halimwambii hivyo.